Wagonjwa wanaobeti: niwaulizeje bila kuwafukuza?

Tabibu_Mld (mwenye uzi)

Salaam aleikum na hamjambo wanajukwaa. Mimi ni afisa wa kliniki, zahanati ya binafsi hapa Malindi. Kwa muda sasa napokea watu wa aina moja: kichwa kila siku, usingizi hakuna, tumbo linawaka, kijana wa miaka ishirini na kitu presha iko juu. Unapima hiki na kile, majibu safi. Ukikaa naye kidogo unakuta shida iko kwenye simu: anabeti.

Nitoe mfano mmoja, nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Mama wa makamo, anauza vitafunio vya asubuhi, ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Alikuja na mumewe, kifua kinambana na moyo unamwenda mbio. Moyo haukuwa na kasoro. Wakati wa kulipa alinipa simu nimtafutie ujumbe wa M-Pesa, miwani kaisahau nyumbani. Nikawa nashuka na jumbe: hamsini, hamsini, mia, mia mbili, Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha), mia mbili tena, zote kwa namba moja ya malipo, zote kati ya saa saba na saa tisa usiku. Akaichukua simu yake taratibu, akasema ataangalia mwenyewe.

Sasa naomba ushauri. Swali la kwanza niulize vipi? Kuna dodoso linalofaa kliniki ambayo foleni iko mlangoni? Na akishasema ndiyo, nifanye nini, maana mwanasaikolojia hapa hatuna? Ameandikiwa kurudi wiki ijayo.

MzeeWaMambrui

Daktari, hiyo ni kamari, na Suratul Maida imeshaikataza pamoja na ulevi. Mwambie atubu, afute hiyo programu kwenye simu. Dodoso la nini?

Mshauri_Mvita

Mzee wangu, shikamoo. Uliyosema ni haki na huyo mama anayajua kuliko sisi, ndiyo maana anacheza saa nane usiku mumewe amelala. Aibu hiyo ndiyo itakayomfanya amdanganye daktari.

Tabibu, mimi ni mshauri nasaha, nimekaa na watu hawa miaka mingi. Usianze na “una tatizo la kamari?” Ukiuliza hivyo umeshahukumu, na wengi ukitaja kamari wanafikiria karata na kasino za watalii. Liweke swali katikati ya yale ya kawaida: sigara, muguka, pombe, usingizi, halafu “na simu je? Unabeti mpira, unacheza ile ya ndege, jackpot, au zile mashine za sarafu?” Litoke kwa sauti ileile uliyoulizia chumvi kwenye chakula. Na waulize wote, akina mama na wazee pia. Ukiwauliza vijana wa bodaboda peke yao, mama kama huyo atapita mbele yako kila mwezi na dawa za vidonda vya tumbo.

Kwa foleni yako, maswali mawili yanatosha. Yanaitwa Lie/Bet, yalichapishwa 1997. Mimi huyauliza hivi: “Umewahi kuhisi lazima uongeze pesa unazobetia, zaidi na zaidi?” na “Umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti?” Ndiyo moja inatosha kumpangia siku ya kukaa naye kwa kirefu. Bado hujasema ni mgonjwa.

Siku hiyo ndipo utoe PGSI, dodoso refu kidogo la kupima ukubwa wa tatizo la kamari. Maswali 9, yote kuhusu miezi 12 iliyopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3: hapana kabisa, mara mojamoja, mara nyingi, karibu kila mara. Alama 1 au 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 7 ni ya wastani, 8 na kuendelea ni tatizo. Ilitengenezwa Kanada kwa ajili ya tafiti za jamii, kwa hiyo ukimpata mtu wa 6 ambaye ameuza cherehani ya mkewe, iamini cherehani kabla ya namba. Utakutana pia na dodoso la zamani, SOGS ya 1987, lina maswali 20. Mimi niliiweka kando. Inauliza mtu kama amekopa kwa kadi ya benki, ameuza hisa, ameandika hundi hewa. Mteja wangu anakopa Fuliza na kwa mwenye duka.

Ukitaka kuandika utambuzi kamili kwenye faili, rudi kwenye DSM-5, kitabu cha Wamarekani cha utambuzi wa magonjwa ya akili. Tangu 2013 uraibu wa kamari umewekwa fungu moja na pombe na dawa za kulevya. Dalili ni 9, na mtu awe nazo 4 au zaidi ndani ya miezi 12: 4 au 5 ni hafifu, 6 au 7 wastani, 8 au 9 kali. Ninayoitazama zaidi ni kufukuzia: kapoteza mia tatu jana, leo anarudi kuzifuata zile mia tatu. Ukiisikia hiyo, kaa chini, acha kalamu.

Kipwani254

Mimi sikubaliani. Msimu wa watalii ukiisha, hoteli zinafunga, kijana wa ufuoni afanye nini? Anaweka hamsini yake, wikendi inapita. Mkianza kupima kila mtu mtasema Malindi nzima ina ugonjwa.

Mshauri_Mvita

Kipwani, wengi wanaobeti si wagonjwa, hilo halina ubishi. Ndiyo faida ya kupima: yule wa hamsini ya wikendi atapata 0 au 1, tabibu atamwacha aende zake.

NilitokaKule

Niongee kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza. Ukiniuliza “unabeti ngapi” nilikuwa nasema hamsini, na sikuwa nadanganya. Ule mchezo wa ndege kwenye simu, ndege inaruka sekunde chache tu, imeanguka, unaweka tena. Hamsini zinaingia mara ishirini kabla chai haijapoa. Uliza hivi: “Tangu Jumamosi mpaka leo, umetuma ngapi kule, na ngapi zimerudi?” Hapo mtu ananyamaza.

Swali lingine lililonishika: “Siku uliyoshinda kubwa, ilikuwa lini?” Niliikumbuka mpaka shati nililovaa. Za kupoteza sikuwa na hata moja.

Halafu msitegemee stetimenti ya M-Pesa peke yake. Nilikuwa na laini mbili, moja mke hakuijua.

NesiLamu

Naongezea hapo. Huku kwetu kisiwani sote tunajuana, mhudumu wa mapokezi ni binamu wa mgonjwa. Mtu akitoa stetimenti ikabaki mezani, jioni imefika barazani. Mimi siombi karatasi siku ya kwanza. Namwambia afungue simu mwenyewe, aisome mwenyewe, anitajie jumla tu. Na dodoso simpi ajaze pale kwenye benchi la kusubiria. Namsomea ndani, mlango umefungwa.

Mfamasia_Klf

Jambo moja la haraka ambalo husahaulika: tazama dawa anazotumia. Pramipexole na ropinirole, zinazotolewa kwa ugonjwa wa Parkinson na miguu isiyotulia, zinaweza kumfanya mtu aanze kubeti kama aliyeingiwa na kitu. Aripiprazole, dawa ya magonjwa ya akili, vilevile, Marekani walitoa tahadhari rasmi 2016. Mzee aliyekuwa mtulivu maisha yake yote ameanza kucheza baada ya kubadilishiwa dawa? Usimsimamishie ghafla, mrudishe kwa aliyemwandikia.

Mshauri_Mvita

Shukran Mfamasia. Kwenye fungu hilohilo, uliza kuhusu vipindi vya kuchangamka kupita kiasi: halali siku tatu, anaongea mbio, anagawa pesa. Kama anabeti wakati huo tu, hiyo ni kazi ya daktari wa akili na DSM-5 haiiti uraibu wa kamari.

Tabibu_Mld

Nimeandika yote kwenye daftari, Mungu awalipe. Mzee wangu wa Mambrui, nawe asante, nadhani huyo mama atahitaji mtu wa dini baadaye, asiyemgombeza.

Swali linalonisumbua sasa ni chama. Yeye ndiye anayeshika pesa. Sijui kama amezigusa. Niulize, au hayo si yangu?

Mshauri_Mvita

Ni yako, na ndilo kubwa kuliko yote uliyouliza.

Mtu wa kamari hatari ya kujiua haimpandi kwa kiwango cha pesa pekee, inampanda siku ya kufichuka inapokaribia. Muulize: “Pesa za watu wengine zimeingia humo?” Akisema ndiyo, muulize chama kinagawana lini. Kama wanagawana Desemba na leo ni Novemba, una tarehe mkononi. Hapohapo muulize waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza. Akisema ndiyo: anawaza njia gani, anayo nyumbani, siku amepanga? Akiwa na mpango, huyo haendi nyumbani peke yake, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kama anaogopa polisi, mwambie Mahakama Kuu Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba.

Baada ya hapo ndiyo mengine. Pima sonona kwa PHQ-9, dodoso fupi la maswali tisa, muulize pombe, muulize kama nyumbani kuna kupigwa. Orodhesha madeni yote kwa mkono wake: Fuliza, mikopo ya simu, duka, chama. Kabla hajaondoka mkubaliane hatua mbili tatu za pesa. Akilipa deni la Fuliza ajiondoe, aiandikie kampuni ya kubeti wamfungie akaunti, na kitabu na laini ya chama vishikwe na mwenzake kwa muda. Asikope mahali pengine kulipia hapa.

Tiba yenyewe ni mazungumzo: kumsaidia apime mwenyewe faida na hasara, kisha kufanyia kazi yale mawazo ya “karibu nishinde”. Kwa rufaa, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia wanapokea watu wa msongo. Kisha ulizia kliniki ya methadoni, ile ya kuwatibu waraibu wa heroini, hapohapo Malindi, washauri wao wamezoea uraibu, huenda wakakuonyesha mtu.

NilitokaKule

Kuhusu kumpa mwenzake laini ya chama: atakataa mara ya kwanza. Mwulize tena mara ya pili.

Tabibu_Mld

La mwisho jamani. Mumewe atakuja naye tena, na ni mtu wa kuuliza uliza. Akinibana nje?

Mshauri_Mvita

Bila idhini ya mama, humwambii neno. Mwombe mume asubiri nje kama unavyofanya kwa mgonjwa yeyote, sema ni utaratibu wa kliniki, na uufanye kuwa utaratibu kweli. Akikuuliza, “mkeo atakueleza mwenyewe” inatosha. Baadaye mama akitaka mume ajue, mwambieni mkiwa watatu, ukiwa wewe umeshajua kama kuna mkono unaoinuka nyumbani.

NesiLamu

Mwite ndani kwa kurudia presha, hakuna mume anayehoji presha. Ila uipime kweli, maana akitoka ataulizwa ilikuwa ngapi.