Nakatwa kodi ya Ohio kila mshahara, halafu mwanangu analipishwa ada ya mgeni!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimetoka shifti ya usiku, miguu imevimba, na sitalala mpaka nimelitoa hili lililonikaa kooni tangu Agosti.

Tuko Columbus, Ohio. Tulihamia Januari 2025 tukitoka Dallas, baada ya kampuni anayoendeshea lori mume wangu kumhamishia kituo cha huku. Grini kadi tunazo, tuliingia kwa bahati nasibu kama wengi wenu. Binti yetu alimalizia sekondari hapahapa, akapata nafasi chuo cha umma. Jina la chuo nalihifadhi, mtoto bado anasoma pale.

Kwa mlio nyumbani: chuo cha umma huku ni cha jimbo, si cha serikali ya Washington. Mkazi wa jimbo analipa ada yake, anayetoka jimbo lingine anaongezewa. Hata awe amezaliwa Marekani, akitoka jimbo la jirani ni mgeni tu. Hilo nililijua na sikuwa na ugomvi nalo.

Bili ilipokuja ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza, ada ya muhula: dola 6,480. Wa pili, nyongeza ya asiye mkazi: dola 5,210. Kwa muhula mmoja! Nikachukua slipu yangu ya mshahara nikaiweka pembeni ya ile bili, mezani. Kodi ya jimbo la Ohio, nimekatwa. Kodi ya jiji la Columbus, asilimia 2.5, nimekatwa. Texas hawana hata kodi ya mapato ya jimbo, miaka yote niliyokaa kule hawakunigusa. Kwa hiyo Ohio ikitaka kukata inanijua vizuri sana, mtoto akitaka kusoma inaniuliza wewe nani?

Nikaenda ofisi ya msajili. Dada wa dirishani hakuinua hata uso. "Miezi 12 mfululizo kabla ya muhula kuanza, nyie mna saba." Akanipa karatasi ya orodha: mkataba wa pango, leseni ya udereva, kadi ya gari, slipu za mshahara. Mkataba wa pango uko kwa jina la shemeji yangu, maana tulifikia kwake, na nani anapata apatimenti siku aliyoshuka na mabegi? Eti mkataba si wangu, hautanisaidia. Nikakumbuka barua za mtendaji wa mtaa na vyeti vya kuhakikiwa RITA, wale wakala wa vizazi na vifo, ambavyo mdogo wangu alihangaika navyo akiomba mkopo wa chuo Bodi ya Mikopo. Nilidhani hayo nimeyaacha Tanga.

Halafu likaja la kunimaliza. Akageuza kompyuta yake kidogo, akasema: "Na binti yako mwenyewe kwenye FAFSA ameandika mkazi wa Texas." FAFSA ni ile fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa fedha za chuo.

Jamani, ile FAFSA tuliijaza Novemba 2024! Kwa kawaida fomu hufunguliwa Oktoba mosi, mwaka ule ikafunguliwa kwa wote tarehe 21 Novemba, na ushauri wa kila mtu ni jaza mapema. Tukajaza mapema, tukiwa Texas, tukaandika Texas. Tulitakiwa tuandike wapi?

Na ile fomu ilivyotutesa! Kodi ya 2023, ambayo ndiyo waliyoitaka, mimi na mume wangu tulijaza kila mtu kivyake, kwa hiyo wazazi wote wawili tulitakiwa kuingia, kila mmoja na akaunti yake. Mume wangu alikuwa Muheza kwenye msiba wa mama yake. Dallas saa nne usiku, kule saa moja asubuhi, mimi na binti tuko mezani tunasubiri namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye barua pepe yake. Anapanda kichuguu kutafuta mtandao, anaanza kunisomea, "nne, saba, mbili…", simu inakatika. Akirudi hewani, muda wa namba umepita, tunaomba nyingine. Usiku tatu! Nyuma yake nasikia watu wanaimba matanga, na mimi namuuliza habari za tarakimu. Hilo najilaumu mpaka leo.

Ruzuku ya Pell tulipata, si ile yote ya dola 7,395, lakini ya kupumulia. Pell ni ya serikali kuu, haijali unaishi jimbo gani. Ile ruzuku ya jimbo, OCOG, ni ya wakazi wa Ohio tu. Kwa hiyo muhuri mmoja wa "si mkazi" umetupiga mara mbili: ada imepanda na ruzuku imeyeyuka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi haruhusiwi kukopa serikalini zaidi ya dola 5,500 kwa mwaka. Pengo lililobaki, kijana wa kitengo cha misaada ya fedha akanishauri, huku anatabasamu, nichukue mkopo wa wazazi, ule wa PLUS. Riba ya mwaka wa masomo 2025/26, asilimia 8.94. Nikope kwa riba hiyo ili nilipie ugeni!

Nilipopiga simu siku ya pili kufuatilia, wakasema hawawezi kuongea na mimi, kuna sheria ya 1974 ya usiri wa taarifa za wanafunzi, FERPA, mpaka mtoto asaini ridhaa. Bili wananitumia mimi, majibu siri ya mtoto.

Sasa sikilizeni. Jumapili baada ya ibada ya Kiswahili, nikawa nalalamika nje. Mzee mmoja Mkongo akaniuliza, "Mama, walikupatia karatasi gani?" Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni njia moja tu. Mimi mtoto wangu alipitia kwa barua ya kazi."

Nikaenda kusoma kanuni yenyewe, ya Ohio, namba 3333-1-10. Ipo! Mtoto anayetegemea mzazi aliyepata kazi ya muda wote inayomtosha kuishi, na mzazi huyo amefanya makazi Ohio kwa sababu nyingine isiyo kufuata ada nafuu, anahesabiwa mkazi. Hasubiri miezi 12. Mume wangu amehamishwa na mwajiri wake! Kuna sababu gani iliyo safi kuliko hiyo? Yule dada hakuniuliza hata swali moja: mmekuja kufanya nini huku?

Ndiyo maana nina hasira. Siyo sheria inayonikasirisha. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1973 kwenye kesi ya Vlandis v. Kline ya kule Connecticut, iliruhusu majimbo kudai muda wa kukaa, ila ikasema mwanafunzi asibandikwe ugeni moja kwa moja bila kupewa nafasi ya kuleta ushahidi. Mimi nafasi hiyo nilikuwa nayo, ilikuwa kwenye karatasi ambayo hawakunipa.

Barua ya mwajiri nimeipata jana, ina tarehe ya uhamisho na inasema kazi ni ya muda wote. Binti amesaini ridhaa. Jumanne asubuhi tunaenda wote watatu, mume wangu ameomba ruhusa.

Kuna mtu humu amepitia njia hii Ohio? Walidai mkataba wa pango uwe kwa jina lako, au barua ya shemeji inatosha? Na mliopata ukazi muhula ukiwa umeshaanza, ile nyongeza mliyokwisha kulipa walirudisha?