Naomba ushauri: mdogo wangu anatakiwa asaini ukaguzi ambao hakuufanya

Assalaam aleikum wakubwa. Mie nipo Wete, Pemba. Mdogo wangu yupo Marekani, fundi wa helikopta za kunyunyizia dawa mashambani, aina ya Robinson R44. Hizi hufunguliwa na kukarabatiwa upya zikitimiza saa 2,200 za kuruka au miaka 12, kimoja kikitangulia. Sasa bosi wake anamtaka asaini ukaguzi ambao hakuufanya, eti msimu umebana. Chombo chenyewe hupita chini kabisa, usawa wa nyaya za umeme. Injini ikizima hapo rubani ana sekunde chache tu. Na zile dawa zinakula chuma! Akikataa kazi hana, na nyumba ya mama (bado hatujaezeka) inamtegemea yeye. Mama mwenyewe hatujamwambia. Afanyeje? Amripoti, au aondoke kimya kimya?