Ukoo wa Ujiji: Hamisi yupo mlimani

IJUMAA

Hamisi: Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu. Nipo Horombo, mita 3,720. Mchana huu tunakwenda Kibo, usiku tunapanda kileleni. Jumapili tumeshashuka.

Mama Hamisi: Waaleikumu salaam. Horombo ndiyo wapi? Si uliniambia wikendi unakwenda kutembea na wenzio?

Hamisi: Ndiyo kutembea kwenyewe huku mama 😅

Mama Hamisi: Tangu juzi simu haipatikani, nikajua umeibiwa!

Mjomba Rashidi: Kilimanjaro wikendi? Mlianza lini nyie?

Hamisi: Jumatano mjomba, kupitia lango la Marangu. Usiku wa kwanza Mandara, jana Horombo. Kazini nimeomba siku tatu. Intaneti hapa ipo tangu 2022, huko juu ndiyo sina uhakika.

Da Asha (Tabora): Siku tano kwenda na kurudi? Watu hulala Horombo siku mbili mwili uzoee. Mmeiruka?

Hamisi: Hela dada. Siku moja ikiongezeka ni ada ya hifadhi, wapagazi, chakula. Tuko wanne na tumechanga kwa mbinde.

Da Asha: Kichwa kinauma?

Hamisi: Hapana

Da Asha: Umekula nini asubuhi?

Hamisi: Chai

Da Asha: Chai na nini?

Bibi (anaandika Zai): Mwacheni mtoto. Hamisi, huko juu kuna nini hasa?

Hamisi: Theluji bibi. Ile inayoota kwenye friji la samaki la mjomba, ndiyo hiyo hiyo, ila juu ya mlima.

Mjomba Rashidi: Friji langu liache. Umeme ulikatika juzi nimetupa migebuka ndoo nzima.

Hamisi: Natoka jamani, gaidi wetu anatuita.

Bibi (anaandika Zai): Astaghfirullah! Gaidi gani tena?

Hamisi: 😂😂 Bibi, huku Moshi ndivyo wanavyomwita kiongozi wa wapanda mlima. Bila yeye huruhusiwi kupanda.

Bibi (anaandika Zai): Jina lingine wamelikosa?

JUMAMOSI

Mama Hamisi: Saa nne hii. Kimya.

Zai: Mamdogo, wanaanza kupanda saa sita usiku. Saa hizi ndio wanateremka.

Mama Hamisi: Asha, ile habari ya kichwa ulimuuliza ya nini?

Da Asha: Mama, sikutaka kukutisha. Ukienda juu upesi, hewa inakuwa nyepesi. Kileleni, kila pumzi unapata kama nusu ya oksijeni ya pwani. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi hakuna. Ikizidi, maji yanajaa kwenye mapafu au ubongo unavimba. Dawa yake kubwa ni kushuka.

Mama Hamisi: Basi leo dagaa siwezi hata kuwaanua.

Mjomba Rashidi: Sisi ziwa letu liko mita 773 tu kutoka usawa wa bahari. Mtoto amezaliwa Ujiji, amekulia Kibirizi mwaloni, anakwenda kutafuta nini mita 5,895?

Bibi (anaandika Zai): Babu yake alitamani sana. Usiku wa uhuru, 1961, walipopeleka mwenge na bendera kule juu, alikuwa ameikumbatia redio ya jirani. Yule mwanajeshi aliitwa nani?

Mjomba Rashidi: Luteni Nyirenda, mama.

Bibi (anaandika Zai): Huyo huyo.

Hamisi: 📷

Hamisi: Nipo Horombo tena. Uhuru hiyo!!

Mama Hamisi: ALHAMDULILLAH

Mjomba Rashidi: Hongera mwanangu! Kilele cha Afrika nzima!

Zai: Hongera kaka. Hao ni watatu. Wewe ndiye uliyepiga?

Zai: Hamisi?

Hamisi: Hapana. Amepiga gaidi.

Da Asha: Wewe ulikuwa wapi?

Hamisi: Niliishia Gilman's Point, mita 5,685.

Da Asha: Kichwa.

Hamisi: Kilianza alhamisi usiku dada. Niliwaficha wote, hata gaidi. Juu ya Kibo ni changarawe tupu, unapiga hatua moja unarudi nusu, unaona taa za vichwani tu zimepangana kama karabai za wavuvi ziwani. Maji kwenye chupa yanaganda mdomoni, mpaka uiweke kichwa chini. Nikatapika pale kwenye pango la Hans Meyer, nikafunika kwa mguu asione.

Mama Hamisi: Ya Rabi

Hamisi: Kufika Gilman's kamba ya kiatu ikafunguka. Nimeinama, nazungusha vidole, nimesahau inafungwaje. Mama, kamba ya kiatu! Akachuchumaa akanifungia, akaniangalia machoni, akamwambia msaidizi wake nishuke naye saa hiyo hiyo. Nikabisha. Akasema mlima hauhami.

Da Asha: Mpe huyo baba salamu zangu. Sasa hivi unajisikiaje?

Hamisi: Nilipofika Kibo tu kikaanza kuachia. Sasa nimekula ugali.

Zai: Zimebaki mita 210 kaka 😭 Kutoka hapo kwenu mpaka msikitini.

Mjomba Rashidi: Zai, mita 210 za kwenda juu. Wewe juzi ngazi za benki zilikushinda. Mimi nimewahi kugeuza mtumbwi nyavu zikiwa bado majini, upepo ulipobadilika, na walionicheka siku ile nawajua kwa majina.

Bibi (anaandika Zai): Theluji umeigusa lakini?

Hamisi: Nimeigusa bibi. Kavu, inalia chini ya kiatu kama chumvi ya mawe. Wenzangu wanasema ukielekea Uhuru, kushoto kuna kuta za barafu, rangi ya buluu. Gaidi anasema alipoanza kazi zilikuwa kubwa kuliko hivi.

Mjomba Rashidi: Ndivyo wanavyosema, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya 1912 imekwisha.

Bibi (anaandika Zai): Basi rudi tena haijaisha. Na ulale siku mbili huko Horombo, nitachangia.

JUMAPILI

Hamisi: Tupo getini Marangu. Nimepewa cheti cha Gilman's.

Zai: Kumbe na cha huko kipo! Kiweke ukutani.

Mama Hamisi: Na wale dagaa niliokutumia kwa basi?

Hamisi: Mama, kule juu kwetu sisi hakikupita kitu kooni. Ijumaa jioni pale Kibo gaidi na wapagazi waliwamaliza wote, kwa pilipili. Anauliza kilo Kigoma bei gani, anataka gunia.

Mama Hamisi: Mpe namba yangu. Mwambie bei ya kwake ni tofauti, asimwambie mtu.