Kitu cha kutafuna kwa mbwa mkubwa: mfupa, kwato, ngozi au mpira?

Mlinzi_wa_Goba: Wakuu, nina mbwa aina ya Boerboel wa miaka miwili, kilo 58. Kandambili kamaliza, sasa kahamia miguu ya meza. Vijiti vya dukani anamaliza kabla sijakaa, na bei yake ni ya nusu kilo ya nyama. Nafikiria mfupa wa paja la ng'ombe, kwato, ngozi kavu, au ule mpira wenye tundu. Kipi kinadumu bila kunimaliza mfukoni?

MamaSimba: Mfupa wa paja unadumu kweli, na bucha wengine wanakupa bure. Tatizo ni meno. German Shepherd wangu alipasua lile kubwa la juu, la pembeni. Lina mizizi mitatu, kwa hiyo kuling'oa mpaka mbwa alazwe usingizi. Bili yake sitaki hata kuikumbuka. Siku hizi naomba koromeo la ng'ombe, ni gegedu tupu.

Kisu_Butu: Mbona mbwa wa babu zetu walikula mifupa na hawakufa? Mimi nachemsha kwanza ilainike, basi.

MamaSimba: Mbwa wa babu nani alimkagua meno, kaka?

DaktariWaMifugo_Moro: Kisu_Butu, hapo kwenye kuchemsha acha kabisa. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, vinatoboa utumbo. Mkuu wa Goba, bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba: kisipoacha alama, ni kigumu mno kwa jino. Kwato na pembe zinafeli papo hapo, na mfupa wa paja pia. Ngozi kavu inalainika mdomoni, mbwa mwenye pupa anameza pande zima, linavimba tumboni au linamkaba. Kwa Boerboel mimi siipendekezi.

Koromeo ni zuri, ila dada MamaSimba, lichemshe vizuri, hasa likija na vipande vya mapafu. Gegedu halipasuki ncha kama mfupa, usiogope. Mapafu na maini mabichi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yanaweza kuwa na vifuko vya maji vyenye vichwa vya tegu. Mbwa akivila anapata tegu wadogo, mayai yanatoka na kinyesi, na mtu akiyameza vifuko vinamwota kwenye ini au mapafu. Waulizeni Waturkana na Wamasai, ugonjwa huu wanaufahamu.

Njiro_K9: Mpira, mkuu. Bei yake inauma siku ya kununua tu. Chukua Kong (chapa ya huo mpira wenye tundu) nyeusi, saizi ya juu kabisa. Nyekundu ni ya watafunaji wa kawaida. Jaza ugali wa dona na dagaa wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, ulaze kwenye friza. Siagi ya karanga nayo inafaa, ila soma lebo: yenye zailitoli (kitamu kinachowekwa badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa. Ukiona vipande vya mpira vinamegeka, tupa.

Mlinzi_wa_Goba: Basi mpira kila siku, koromeo Jumamosi nikipita machinjio ya Vingunguti. Na kama nina kitoto cha mbwa cha miezi minne?

DaktariWaMifugo_Moro: Huyo anabadilisha meno, asipewe chochote kigumu. Loweka kitambaa kizito, kisokote, kigandishe, mpe ukiwa unamwangalia. Kikianza kuchanika mnyang'anye.