Tupeane uzoefu: ulienda kusainiwa kitabu, ukaondoka na mtu

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa wale waliowahi kwenda kwenye uzinduzi wa kitabu, hasa huku kwetu Kanda ya Kati, wakakutana na mtu ambaye hawakumtegemea. Naanza mimi.

Jumamosi moja nilikwenda kwenye uzinduzi hapa Dodoma mjini, jirani na Nyerere Square. Mwandishi ni mwalimu mstaafu, kaandika maisha yake ya kazi. Shughuli zetu mnazijua: mgeni rasmi kachelewa, MC katupigisha makofi mpaka viganja vikauma, nakala ya kwanza ikanadiwa kwa wakubwa, ndipo sisi wa elfu kumi tukaruhusiwa kupanga foleni. Foleni yenyewe fupi, na utamu wa huku uko hapo. Mzee ana muda wake. Anakuuliza aandike kwa nani, na ukifika jina la tatu umeshajianika ukoo mzima.

Nikamtajia jina la bibi yangu, maana mpenzi wa habari za zamani ni yeye. Kalamu ikabaki hewani.

"Huyu wa Kongwa?"

Nikaitikia.

"Mwenye kovu kwenye paji la uso?"

Nikamwamkia upya.

Kumbe mzee ni mtu wa Bukoba, alipangiwa kufundisha Kongwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Dodoma operesheni ilianza mapema, 1971, mikoa mingi ikafuata baadaye. Watu walitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa pamoja, na kwenye kijiji chetu darasa lilipatikana kabla ya nyumba ya mwalimu. Basi kijana wa watu, mzoefu wa ndizi, akapewa chumba kwenye tembe la babu. Tembe mnalijua, paa lake bapa la udongo. Mvua ikizidi nje, na ndani inanyesha.

Sasa sisi wajukuu tumekuzwa na kisa cha "mwalimu wa ndizi", aliyetengewa ugali wa uwele na mlenda, akatoka nduki na tonge mkononi. Bibi anakiigiza mpaka mlenda unavyovutika kidevuni. Miaka yote nilidhani ni mtu wa kutunga. Nikamsimulia mzee pale pale mezani. Akaweka kalamu chini.

"Mjukuu wangu, mlenda niliumaliza. Nilikimbizwa na jogoo wa bibi yako."

Waliokuwa wananung'unika nyuma yangu wakasogea kusikiliza. Nikapiga simu Kongwa, nikaweka spika. Bibi, ambaye kwa kawaida salamu zake hazina mwisho, akaingia moja kwa moja: "Mwambie mwalimu jogoo yule tulimpata mwaka uliofuata!"

Tangu siku hiyo wanapigiana simu, na mimi ndiye mnunuzi wa vocha pande zote mbili. Mzee ameshakwenda Kongwa kumsalimia, akapikiwa mlenda makusudi, akala mbele ya mashahidi. Kesi haijaisha. Anasema toleo la pili atamwingiza jogoo. Bibi anasema kabla ya kuchapwa asomewe kwanza.

Karibuni.

Mwana wa Mpwapwa
Wangu hata hakuinua macho. Alisaini kama anagonga mihuri. Ila ilibaki nakala moja na tuko wawili, mimi na jamaa mmoja mwanafunzi wa UDOM nisiyemjua. Tukachanga nusu kwa nusu, mwandishi akaandika majina yote mawili, bado kainama. Tukapeana namba ili tukipokezane mwezi kwa mwezi. Jamaa ndiye aliyenisimamia ndoa. Kitabu sijakimaliza mpaka leo, kiko kwake, na kila nikikiulizia yuko ukurasa wa arobaini.

Mama Ntilie wa Makole
Mimi nilikwenda kwa ajili ya pilau, nilipewa tenda ya chakula. Nipo nyuma na masufuria yangu, namsikia mwandishi anawasomea watu kipande. Ndani yake kuna mama anamfokea mteja wa mkopo. Watu wanacheka. Mimi nimeganda na mwiko: yale maneno ni yangu! Neno kwa neno, mpaka lile la "maharage hayaivi kwa ahadi". Nachungulia, namwona kijana aliyekuwa anakaa kibandani kwangu na daftari, chai moja asubuhi mpaka saa sita. Mimi nilimhurumia nikijua anatafuta kazi.

Nilisubiri wote waishe, nikasimama mbele ya meza yake na aproni yangu. Alinitambua, akaanza kutokwa jasho. Akaniandikia "kwa mwandishi mwenzangu". Nikaipokea sahihi, nikakumbushia na deni. Akalipa hapo hapo, na chenji akaniachia. Siku hizi akiandika sura mpya analeta niwasomee wateja, wakinyamaza anajua haijaiva.

Mtu wa Ihumwa
Nyie mnaopita kwetu kila siku mkienda Mtumba, mjue mmepita alipozaliwa Mathias Mnyampala, mwaka 1917. Ndiye aliyeandika historia na mila za Wagogo, kitabu kikatoka 1954, na ndiye aliyezikuza ngonjera, zile ambazo shule zetu zilizicheza baada ya Azimio la Arusha. Mwenyewe alifariki 1969.

Nalisema hili kwa sababu uzinduzi niliokwenda mimi ulikuwa wa diwani ya mashairi, na kwenye hotuba jina lake likatajwa. Mzee mmoja kwenye foleni akaanza kughani beti za ngonjera aliyojifunza shuleni. Unajua ngonjera ni majibizano, upande huu unauliza, ule unajibu. Akafika mwisho wa swali, akanyamaza, kwa kuwa zamu yake ndiyo iliishia hapo. Jibu likatoka kwenye viti vya mbele, kwa mama mmoja mwenye mkongojo ambaye alikuwa mama mzazi wa mwandishi. Na akalimaliza lote.

Walikuwa darasa moja! Yeye upande wa mjinga, mama upande wa mjuzi, na mzee bado analalamika kwamba mwalimu alimpa ujinga kwa kuonewa. Wameshaanza mazoezi upya, safari hii wamebadilishana pande, na wanatafuta shule ya msingi itakayowapa nafasi siku ya mahafali. Mwenye kufahamiana na mwalimu mkuu yeyote upande wa Nzuguni aje inbox. Nauli wanajitegemea, wanachoomba ni viti viwili vyenye mgongo.