Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanachanganya dhamira na ujumbe

Habari za kazi walimu wenzangu, na shikamooni wakubwa zangu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha pili. Tamathali za semi hazinisumbui sana: wakishaona "Asha ni kama twiga" na "Asha ni twiga", tashbihi na sitiari wanazitenganisha wenyewe. Ninapokwama ni kwenye maudhui. Jana nimesahihisha daftari moja, mtoto kaandika "Dhamira: tusiwe wavivu", chini yake "Ujumbe: uvivu". Kageuza kabisa, na ni mtoto msikivu asiyekosa kipindi. Mwenzake kaandika sentensi ileile kote kuwili.

Nimewaeleza kwamba dhamira ni jambo linalozungumzwa, ujumbe ni funzo tunaloondoka nalo. Wanakariri vizuri mno, lakini nikiwapa hadithi mpya ya ukurasa mmoja wanarudi palepale. Nimewachorea na jedwali ubaoni, wapi!

Naombeni mnisaidie mawili. Kwanza, nyie mnaanzia wapi: ngano fupi za sungura na fisi wanazozijua tangu nyumbani, au moja kwa moja kwenye kitabu cha darasani? Pili, mwanafunzi akisema "njaa ilitubishia hodi" ni sitiari badala ya tashihisi, mnampa alama au mnamkosesha? Mimi nilimpa nusu, na bado roho haijatulia, maana njaa imepewa tendo la mtu waziwazi, ila naye alijitetea kwa hoja.

Mtihani wa muhula ni wiki tatu zijazo.