Kulenga ukiwa unahema: mbio, pushapu, au kufyatua bila risasi?

TunduMoja: Wakuu, naombeni ushauri. Nikiwa nimetulia, risasi zangu tano za bunduki ndogo ya .22 kwa mita 50 nazifunika zote kwa kiganja. Nikikimbia mita 400 kisha nikalala kulenga, karatasi inatia huruma. Matundu yamejipanga juu na chini kama ngazi, ingawa kushoto na kulia hayajatawanyika. Nina njia tatu: mbio halafu risasi za kweli, pushapu halafu risasi, au mazoezi ya nyumbani bila risasi. Ipi inajenga haraka?

Pumzi_Nusu: Hiyo ngazi ni pumzi, mkuu. Ukiwa umelala, kifua kikijaa mtutu unashuka, ukitoa hewa unapanda. Unafyatua katikati ya safari. Vuta pumzi mbili tatu za nguvu, toa hewa, na pale mwisho, kabla mwili haujadai nyingine, bana triga taratibu. Ukipitisha muda huo usilazimishe: macho yanaanza kufifia na mikono kutetemeka. Pumua tena, anza upya.

Kuhusu swali lako, mimi nachagua mbio. Waangalie wanariadha wa biathlon, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha: shabaha ziko mita 50, za kulala zina milimita 45 tu na za kusimama 115, nao wanafika wakitweta. Lakini wengi hupunguza kasi kabla ya kuingia kwenye mkeka. Wewe unakimbia mpaka hatua ya mwisho kisha unajitupa chini?

TunduMoja: Ndiyo, hivyo hivyo.

Kitako: Pushapu achana nazo kwa shida hii. Nilizifanya miezi mitatu nikiamini jasho ni jasho. Kumbe zinachosha mabega na mikono, kwa hiyo nilikuwa napambana na mtetemo wa misuli, wala si pumzi. Siku ya mbio nikawa mgeni kabisa.

Mama Shabaha: Kitako, hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Kwa anayelenga bastola akiwa amesimama, mkono uliochoka ndio mtihani wenyewe. Ila kwa TunduMoja ni kweli, hazimsaidii.

Mimi natetea ya nyumbani, kwa sababu unaweza kuifanya kila siku. Ruka kamba dakika mbili, lala, fyatua mara tano bila risasi. Hakuna kishindo wala mshtuko wa bunduki, kwa hiyo ukiharakisha triga unaona wazi ncha ya kulengea ikichomoka kwenye duara. Kwenye risasi ya kweli kishindo kinakuficha kosa hilo.

Masharti: risasi zote zitoke chumbani, chemba (sehemu ya bunduki inapokaa risasi) ikaguliwe kwa macho na kwa kidole, na unakoelekeza pawe na ukuta imara. Tena .22 nyingi usizifyatue chemba ikiwa tupu, maana pini ya kufyatulia inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Weka ganda lililokwisha tumika na ulizungushe kidogo kila mara.

Pumzi_Nusu: Nyongeza ya usalama: usikimbie na bunduki. Iache kwenye mstari, chemba wazi, mtutu kwenye shabaha. Ukirudi unahema ndio wakati kidole kinaingia kwenye triga mapema.

TunduMoja: Nimejaribu leo. Mita 30 za mwisho nimetembea, pumzi tatu, kisha risasi. Ngazi imefupika kuwa nusu. Sasa naona kitu kingine: ncha ya kulengea inaruka kidogo kila moyo unapopiga, hata pumzi ikiwa imesimama.

Kitako: Ni mkanda wa bunduki unaoufunga mkononi. Umeubana juu ya mshipa wa ndani ya mkono, na mapigo yanapita kwenye mkanda hadi kwenye bunduki. Upandishe karibu na bega, kifungo kikae upande wa nje, kisha ulegeze tundu moja.

Mama Shabaha: Na usibadilishe kitu kingine wiki hii. Mkanda peke yake, nyumbani kila siku, mbio na risasi Jumamosi. Hifadhi karatasi zote, andika tarehe nyuma.